Ruta ya laini kijijini: ikisumbua, jua kwanza pameharibika wapi

Mtandao wa nyumbani ukilegea kijijini, watu wengi hukimbilia mjini kununua antena. Antena hutibu tatizo moja tu: mawimbi dhaifu kati ya nyumba na mnara. Haitibu bando lililokwisha, wala mnara uliozidiwa na watumiaji, wala adapta iliyochoka, wala Wi-Fi isiyofika chumba cha nyuma. Nimeona watu wa Muheza na Handeni wakitoa fedha ya machungwa na mahindi kununua antena kubwa, kasi ikabaki pale pale. Huwa inaniuma, kwa sababu chanzo kingeonekana bure kwenye ukurasa wa ruta yenyewe.

Maelezo haya ni ya mwenye ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, aliye mbali na nyaya za faiba. Mifano yangu ni ya Tanzania, hasa vijiji vya Tanga, kuanzia tambarare za Handeni hadi miteremko ya Usambara. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina ya kampuni na namba za huduma. Mengine yote yatamfaa.

Kutenga tatizo

Kutoka kwenye simu yako hadi duniani kuna njia ya vipande vitatu: Wi-Fi kati ya simu na ruta, mawimbi kati ya ruta na mnara, kisha kiungo kinachotoka mnarani kwenda kwenye mitambo ya kampuni. Pembeni kuna akaunti yako, yaani laini, usajili na bando. Na kila kitu kinategemea umeme. Kabla hujagusa chochote, tafuta kipande kinachoumwa.

Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, ufungue ukurasa wake kwenye kivinjari. Ruta nyingi za Huawei zinafunguka kwa 192.168.8.1, nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Anwani na neno la siri huwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukurasa ukifunguka mara moja, Wi-Fi yako ni nzima, angalau hapo ulipo. Ukikawia au ukagoma, tatizo liko ndani ya nyumba, na kumlaumu mwenye mnara ni kumwonea.

Halafu toa laini kwenye ruta, itie kwenye simu ya 4G, ukae pale pale ilipokuwa ruta. Simu ikipata intaneti vizuri, laini na mnara havina kosa, kwa hiyo geukia ruta na mipangilio yake. Simu nayo ikigoma, tia laini ya jirani wa kampuni ile ile. Ya jirani ikifanya kazi, kosa ni la akaunti yako. Nayo ikigoma, ni mnara. Jaribio hili ni la dakika chache tu na huondoa nusu ya mashaka yote. Ningependa kila fundi alifanye kabla ya kutaja bei ya kitu chochote.

Namba za kusoma badala ya vijiti

Vijiti vya mawimbi kwenye ruta na simu havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji huamua vijiti vitano vianzie wapi. Achana navyo. Ndani ya ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya taarifa za kifaa au za mawimbi. Kwenye simu nyingi za Android utazipata ukipiga *#*#4636#*#*, au kwa kutumia programu za bure za kupima mawimbi.

Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi ya 4G. Huandikwa kwa namba hasi, kwa hiyo −85 ni bora kuliko −105. Kuanzia −80 kwenda juu ni nzuri sana. Kati ya −80 na −95 unatumia kwa raha. Kati ya −95 na −108 mambo yanaenda ila kwa kusuasua, na chini ya −110 ndipo ruta huanza kudondoka hadi 3G au kupoteza mtandao kabisa.

Ya pili ni SINR, na hii ndiyo watu wengi hawaitazami ilhali ndiyo inayoamua kasi. Inaonyesha mawimbi ya mnara wako yamezidi kelele kwa kiasi gani. Ni sawa na kumsikiliza mtu sokoni: anaweza kuwa anapaza sauti, lakini kama wanaomzunguka nao wanapaza, hutaambulia neno. Zaidi ya 20 ni safi kabisa, 13 hadi 20 ni nzuri, kati ya 0 na 10 utapata intaneti ya kuvumilia, na chini ya sifuri utateseka hata kama RSRP ni ya kupendeza.

Ipo pia RSRQ. Ikiwa kati ya −3 na −10 usihangaike nayo; ikishuka hadi −15 na zaidi, mara nyingi mnara umejaa au mawimbi ya minara mingine yanaingiliana na wako.

Andika namba hizi kwenye karatasi siku mtandao ukiwa mzima. Siku ukiharibika utakuwa na kitu cha kulinganishia.

Taa nyekundu, hakuna intaneti kabisa

Anza na akaunti, kwa sababu ndiko tatizo linakojificha zaidi. Ujumbe wa kampuni kwamba bando linakaribia kuisha hauji kwenye simu yako. Unaingia kwenye sanduku la SMS ndani ya ruta, ambako hakuna anayesoma. Fungua ukurasa wa ruta, ingia sehemu ya ujumbe, utakuta maelezo yote. Sanduku hilo likijaa, ujumbe mpya unaweza usiingie, kwa hiyo lisafishe mara kwa mara.

Hakikisha laini imesajiliwa kwa alama za vidole na kwa jina la mtu mnayemjua. Laini nyingi za ruta zilisajiliwa kwa jina la kijana aliyeuza ruta, na siku laini inapofungwa mwenye nyumba hana la kufanya. Nchini Tanzania, piga *106# laini ikiwa kwenye simu, uone imesajiliwa kwa jina la nani. Kama si lako wala la mtu wa nyumbani kwako, badilisha mapema kabla ya shida.

Laini yenye namba ya siri ya PIN huifanya ruta isubiri milele. Zima PIN hiyo ukitumia simu. Laini iliyokatwa kwa mkasi ili iingie kwenye tundu dogo huwa haigusi vizuri; ukibadilishiwa kadi kwa wakala tatizo linaisha. Kama umehamia kampuni nyingine na ruta inasema laini haikubaliki, huenda ruta yako imefungiwa kampuni iliyoiuza. Kuihangaikia hapo ni kazi bure mpaka ifunguliwe.

Ikiwa laini inafanya kazi kwenye simu lakini kwenye ruta haitoi intaneti, kagua APN, yaani jina la lango la kampuni la kuingilia intaneti. Simu hujipangia yenyewe, ruta za zamani hazijipangii. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, uulize APN sahihi, uiandike herufi kwa herufi bila nafasi mwishoni. Tangu Tigo ibadilishe jina kuwa Yas mwaka 2024 bado utakuta ruta zenye wasifu ulioandikwa jina la zamani. Jina la wasifu halina shida, cha kukagua ni APN yenyewe.

Kisha kuna ruta zilizoletwa na ndugu kutoka ng'ambo. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hulenga bendi, yaani makundi ya masafa ya mawimbi, za kule: 2, 4, 12, 13, 66, 71. Minara yetu ya vijijini hutegemea sana 700 MHz, ambayo ni bendi 28, na 800 MHz, ambayo ni bendi 20. Mijini na kwenye miji midogo utakuta zaidi bendi 3 ya 1800 MHz. Ruta isiyo na bendi 20 wala 28 inaweza kukaa chini ya mnara wa kijiji ikaona 3G peke yake. Hakuna mpangilio wala antena ya kuibadilisha. Kabla ya kumwomba ndugu akuletee, mwambie akutumie picha ya orodha ya bendi.

Mpakani kuna jambo jingine. Ukiwa Horohoro, Namanga au vijiji vya Kigoma vinavyotazama Burundi, ruta inaweza kushika mnara wa nchi ya jirani ikakwama, au ikakutafuna salio. Namba ya mtandao inayoonekana kwenye ukurasa wa ruta huanza na tarakimu za nchi: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Burundi 642, Rwanda 635. Ukiona 639 ilhali uko Mkinga, zima huduma ya kutumia mitandao ya nje na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia ruta ijichagulie.

Namba ni nzuri lakini intaneti haitembei

RSRP iko −80, SINR 18, na bado ukurasa unazunguka tu. Hapa antena haina kazi kabisa. Jiulize ni saa ngapi. Pima kasi saa kumi alfajiri, kisha upime saa mbili usiku, ukiwa umekaa pale pale. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku ikifa, mnara umejaa. Minara mingi ya vijijini huhudumia vijiji kadhaa kwa bendi moja au mbili, na wote mnaingia jioni baada ya kutoka shambani.

Ruta bora zina sehemu ya kuchagua bendi. Kama mnara wako una bendi ya chini na bendi 3, wengi walio mbali wamebanwa kwenye ile ya chini. Wewe uliye karibu jaribu kujifungia kwenye bendi 3, pengine utakuta nafasi. Ruta inayounganisha bendi mbili kwa pamoja, ile ya daraja la Cat 6 na kuendelea, nayo husaidia kuliko ya Cat 4 inayotumia bendi moja tu. Isipowezekana, kopa laini za kampuni nyingine kwa majirani uzijaribu usiku, wakati wa msongamano. Kampuni yenye mawimbi hafifu kidogo lakini isiyo na watu wengi inaweza kukufaa zaidi kuliko ile inayosifiwa na kijiji kizima. Inasifiwa, na ndiyo maana imejaa.

Kama ni polepole saa zote, soma masharti ya bando lako. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo huwa na kiwango ambacho ukikivuka kasi inashushwa mpaka mwezi ugeuke. Dalili yake ni kasi inayogota kwenye namba ile ile asubuhi, mchana na usiku. Mnara uliojaa haufanyi hivyo. Kasi yake hupanda na kushuka.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: WhatsApp inaingia, tovuti hazifunguki. Mara nyingi bando la kawaida limekwisha na kilichobaki ni cha mitandao ya kijamii. Kama bando lipo, badilisha DNS, yaani huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, kwenye ruta iwe 8.8.8.8 na 1.1.1.1, kisha ujaribu tena.

Na zipo siku tatizo haliko kijijini kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, ukibadilisha mipangilio ya ruta utaharibu kilichokuwa kizima. Ulizia kwanza kwa mtu aliye mji mwingine.

Mawimbi dhaifu kweli kweli

Sasa tumefika kwenye ugonjwa ambao dawa yake inaweza kuwa antena. RSRP ni −105 au chini zaidi, na simu ndani ya nyumba inasoma hivyo hivyo. Hata hapa anza na mambo ya bure.

Nyumba ya bati huzuia na kurudisha mawimbi, na nondo za madirishani nazo huongeza. Toa ruta kwenye kabati la televisheni uiweke kwenye dirisha linalotazama mnara, juu kadiri uwezavyo ila isiguse bati. Isogeze nusu mita, subiri dakika moja namba zitulie, soma, sogeza tena. Umbali mdogo hubadilisha namba kwa kiasi cha kushangaza, kwa sababu mawimbi hugonga kuta na bati yakakutana yakiimarishana mahali pamoja na kuuana mahali pengine. Mara nyingi kutoka chumba cha katikati hadi dirishani unapata desibeli 10 (ndicho kipimo cha RSRP na SINR), na hiyo ni nguvu mara kumi, bila kulipa senti.

Miti ni adui mkubwa kuliko umbali. Mwembe mmoja mnene ulio mbele ya dirisha hula mawimbi, na majani yakilowa hula zaidi. Bendi za juu ndizo zinazoumia kwanza. Ndiyo maana nyumba iliyokuwa na mtandao mzuri Septemba inaweza kulalamika Aprili ilhali hakuna kilichobadilika ila majani. Sikushauri ukate mwembe. Inua ruta au antena ipite kimo chake, au uihamishie upande wa pili wa nyumba.

Kabla ya kununua antena, tembea. Chukua simu yenye laini ile ile, zunguka nayo nyumba, kisha panda ngazi hadi usawa wa paa ukisoma RSRP na SINR. Kama juu ya paa namba zinaboreka kwa desibeli 10 au zaidi, antena italipa. Kama hata huko ni −118, umefichwa na kilima, na antena ya dukani haitakivunja kilima. Usambara imejaa mabonde ya namna hiyo: mnara uko karibu kwa macho ya ramani, ila kati yenu kuna mlima. Hapo dawa ni kutafuta mnara mwingine, wa kampuni nyingine pengine, unaoonekana kupitia mdomo wa bonde.

Aliye juu ya mlima ana shida ya kinyume. Anaona minara mingi kule tambarare, RSRP inapendeza, SINR iko 1 au 2, na kasi ni ya aibu. Minara inapigiana kelele masikioni mwa ruta. Mtu wa namna hii akiinua antena juu zaidi anaongeza kelele. Ashushe, aiweke upande wa ukuta unaozikinga pande nyingine, aelekeze kwenye mnara mmoja tu. RSRP itashuka, labda kutoka −82 hadi −90, na kasi itapanda. Nasisitiza hili kwa sababu mafundi wengi huangalia RSRP peke yake, wakamwacha mteja na mlingoti mrefu usio na faida.

Ukinunua, 4G hutumia njia mbili za mawimbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo nunua antena yenye nyaya mbili, na zote mbili ziunganishwe. Ukifunga waya mmoja unatupa karibu nusu ya kasi unayoweza kupata. Antena mbili za mshale zifungwe zikiwa zimelala kwa nyuzi 45, moja kulia, moja kushoto. Hakikisha antena ni ya bendi ya mnara wako: antena iliyotengenezwa kwa 1800 hadi 2700 MHz haitakusaidia kwa bendi 20. Na ruta iwe na matundu ya antena ya nje, nyingine hazina. Baada ya kufunga, ingia kwenye mipangilio uiambie ruta itumie antena ya nje, maana baadhi huendelea na ya ndani bila kukwambia.

Waya ndio unaoua kazi nyingi nzuri. Waya mwembamba wa RG58 hupoteza takriban desibeli 7 kwa mita 10 kwenye 1800 MHz, yaani karibu asilimia 80 ya nguvu imeishia njiani. Antena ya desibeli 9 kwa waya huo inakuachia faida ya 2. Waya mnene wa LMR-400 hupoteza kama desibeli 2 kwa urefu ule ule. Waya wa king'amuzi ni wa omu 75 wakati vifaa hivi ni vya omu 50. Tofauti hiyo yenyewe si mbaya sana, kibaya ni viunganishi vinavyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu.

Maoni yangu, kwa nyumba iliyo mbali na mnara: badala ya antena na waya mrefu, nunua ruta ya nje, ile inayofungwa mlingotini ikiwa na antena ndani yake. Kinachoshuka nyumbani ni waya wa mtandao wa kawaida, ambao huenda hadi mita 100 bila kupunguza chochote, na hubeba na umeme wa ruta humo humo. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini unaondoa sehemu inayopoteza kila kitu.

Kugeuza antena kuna adabu yake. Zungusha kidogo, kama nyuzi 15, subiri dakika, andika namba, endelea. Mtu mmoja juu, mmoja chini akisoma SINR kwa sauti. Usielekeze kwa macho kwenye mnara unaouona. Huenda si wa kampuni yako.

Mvua ikinyesha mtandao unakufa

Ukiacha majani yaliyolowa, mvua haiwezi kukukatia mawimbi ya 700 au 800 MHz. Soma namba wakati wa mvua. RSRP ikiwa ile ile na intaneti haipo, kilichoathirika ni kiungo cha mnara na mnara mwenzake. Yale madishi ya mviringo mnarani hutumia masafa ya juu sana, na mvua kubwa huyapunguza nguvu. Huna la kufanya ila kusubiri au kuwa na laini ya pili ya kampuni nyingine.

RSRP ikitoweka kabisa, au ruta ikabaki na 2G tu, pengine mnara umekosa umeme na unaishi kwa betri. Jirani wa kampuni ile ile atakuthibitishia. Na kama namba zinashuka kila baada ya mvua na kurudi jua likiwaka, maji yameingia kwenye viunganishi vyako vya nje. Vifungue, vikaushe, vifunge upya kwa mpira unaojishika wenyewe, na uache waya uning'inie kidogo chini ya kiunganishi ili maji yadondoke badala ya kuingia.

Radi ni jambo zito. Mlingoti wa chuma uunganishwe na nondo ya ardhini kwa waya mnene wa shaba, na wingu likitanda chomoa antena na umeme wa ruta. Usishike nyaya hizo radi ikiwa imeanza kupiga.

Ruta inajizima na kujiwasha

Ukurasa wa ruta huonyesha imewaka kwa muda gani. Kama inasema dakika kumi ilhali hujaigusa tangu jana, ni umeme au joto. Adapta ya volti 12 inayochoka hutoa volti za kutosha ruta ikiwa imetulia, kisha hushindwa ruta inapotuma kwa nguvu, na mbali na mnara ruta hutuma kwa nguvu zote. Jaribu adapta nyingine ya volti zile zile na ampea sawa au zaidi. Ampea zikizidi hazidhuru. Volti zikizidi zinaunguza.

Wa sola wana yao. Betri ya asidi ikichajiwa hupanda hadi volti 14.4, na usiku hushuka chini ya 12. Usiunganishe ruta moja kwa moja. Weka kifaa kidogo cha kutuliza volti kinachotoa 12 muda wote. Waya mwembamba wa mita 10 nao hula volti karibu moja njiani. Ruta inayotumia wati 8 inahitaji kama Ah 16 kwa siku nzima, na betri ya asidi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo betri ya Ah 35 au 40 ndiyo ya kuanzia kama unataka mtandao usiku kucha hata siku ya mawingu.

Joto: ruta nyingi zimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 40. Chini ya bati saa nane mchana panavuka hapo. Ikizima mchana na kupona jioni, ishushe, iache wazi, ifute vumbi. Sisimizi hupenda kujenga ndani ya ruta na visanduku vya nje. Ziba matundu yasiyotumika, usizibe ya hewa.

Karibu na ruta vizuri, chumbani hakuna

Hii ni Wi-Fi, na ni rahisi. Ukitaka kufika mbali tumia 2.4 GHz, chaneli 1, 6 au 11. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5 GHz. Kama ruta iko dirishani kwa ajili ya mnara na familia iko upande wa pili wa ua, vuta waya wa mtandao hadi katikati ya nyumba uweke ruta ndogo ya pili ya Wi-Fi. Vifaa vya kurudia mawimbi vya kuchomeka ukutani hupunguza kasi. Mimi huvitumia pale waya ulipokosa njia.

Bando linayeyuka

Tazama kwenye ruta ni vifaa vingapi vimeunganishwa. Ukiona usivyovijua, badilisha neno la siri. Kompyuta za Windows na simu hupakua masasisho kimya kimya zikiona Wi-Fi, kwa kudhani Wi-Fi ni ya bure. Kwenye kila kifaa, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uitambulishe kuwa ina kikomo. Zima kuhifadhi picha mtandaoni, zima WhatsApp kujipakulia video. Saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 2 hadi 3. Ukishusha hadi 480p watoto hawatalalamika, bando litadumu.

Mambo machache yanayogoma peke yake

Kamera ya shambani haionekani ukiwa mbali: kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukiona anwani ya ruta yako inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, kufungua milango (port) kwenye ruta hakutasaidia. Tumia kamera inayojiunga yenyewe kwenye huduma ya mtengenezaji wake.

VPN ya ofisi, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa kazini, inaunganika lakini kurasa hazifunguki: shusha MTU ya ruta, yaani ukubwa wa juu wa kila kifurushi cha data, hadi 1400. Simu ya video inaganda mara mtu mwingine anapotuma faili: njia ya kupandisha imejaa, na ruta yenye uwezo wa kugawa kasi kwa kila kifaa itakusaidia.

Unapopiga 100

Ukisema "mtandao unasumbua" utaambiwa zima uwashe. Uwe na karatasi yako: jina la kijiji na kata, namba ya seli (kitambulisho cha sehemu ya mnara inayokuhudumia) inayoonekana kwenye ukurasa wa ruta, RSRP na SINR, kasi ya alfajiri na ya usiku kwa siku tatu, na kwamba umejaribu laini ya jirani ikawa vivyo hivyo. Omba namba ya malalamiko na uiandike. Kwa taarifa kama hiyo mhudumu ana kitu cha kumpelekea fundi wa minara. Wakikaa kimya, namba hiyo ya malalamiko ndiyo utakayoanza nayo ukipeleka suala lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Na kama kijiji kizima hakina mawimbi ya kampuni yoyote, barua ya serikali ya kijiji ielekezwe kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hutoa ruzuku ya kujenga minara mahali ambapo kampuni hazijavutiwa kwenda. Ambatanisheni idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo.